Kapita na Mawe Yake

Samaki yule tulimwita Kapita, jina la msimamizi wa vibarua wa wazungu, kwa sababu hakufanya kazi yoyote na kila aliyepita karibu naye alipigwa. Alikuwa mweusi, mistari ya manjano ubavuni, na paji la uso limevimba kama la mtu aliyegonga mlango akitoka kunywa. Alikaa ndani ya sanduku kubwa la kioo, katika saluni, yaani sebule, ya Bwana wetu mzungu, kule Muhumba, sehemu ya mji iliyoingia ziwani kama kiatu. Watu weusi waliingia Muhumba asubuhi na kutoka jioni. Waliolala huko walikuwa watu wa buyeri tu, zile nyumba za maboi nyuma ya bustani. Kwa Bwana tulikuwa nyumba mbili zilizogawana ukuta mmoja. Huku mume wangu Philémon, mpishi, na mimi Eulalie niliyewapigia nguo pasi. Kule Xavier Cirhuza, boi wa ndani, na mke wake Adolphine.

Miaka ile wazungu walikuwa wamechoka kuuita mji Costermansville, wakaanza kusema Bukavu kama sisi, wakadhani wametupa zawadi.

Bwana alikuwa mtu wa hesabu katika kampuni moja ya kahawa. Samaki aliwatoa Uvira, ziwa Tanganyika, ndani ya bidoni za maziwa, juu ya kamyo, lori la mizigo, kwa ile njia ya milimani inayotapisha hata mbuzi. Alitaka samaki wa kila kabila wakae pamoja kwa amani, wageni wake wawatazame wakinywa wiski. Walikuwemo wa rangi ya kiini cha yai, walikuwemo wembamba kama kalamu ya shule, na vidogo fulani vya ziwa letu Kivu, ambavyo nadhani vilitiwa ili nasi wenyeji tuwe na mjumbe. Wajumbe wetu walikwisha mapema. Kapita ndiye aliyetangulia kutiwa majini. Alichukua jiwe kubwa lenye tundu, akachukua na la pili, na kila aliyeletwa baadaye alikuta shamba lina mwenyewe. Mimi ni mtu wa Kabare, nimeona vilima vyetu vikipata mwenyewe kwa njia hiyohiyo. Kapita angalau alifika wa kwanza kweli.

Bwana alijaribu dawa zake. Alizidisha chakula, Kapita akala na akapata nguvu za kupiga. Alileta samaki wengine wengi, akisema fimbo ikigawanywa kwa migongo mingi haiumi sana. Ni kweli, haikuumiza mmoja sana. Iliumiza wote kidogo, mapezi yao yakawa kama nguo ya kichaa.

Aliyeonewa zaidi alikuwa jike mmoja wa kahawia mwenye mayai tumboni. Madamu alimwonea huruma, na kila jike yule alipoumwa, Xavier aliitwa. Alipandisha mikono ya shati, akamchota taratibu kwa bakuli la enameli, akamweka jikoni ndani ya beseni karibu na vitunguu vya mume wangu. Philémon alinung'unika kwamba alisomea upishi, hakusomea kupika kando ya kitanda cha mgonjwa. Xavier hakumsikia. Alichukua kijiti cha tete, akapuliza hewa ndani ya maji mpaka mashavu yakachoka, akamkatia mgonjwa nyungunyungu vipande vidogo. Madamu aliwaambia wageni kwamba mji mzima hauna mikono kama ya Xavier.

Adolphine naye aliijua mikono hiyo. Mimba mbili zilikuwa zimeshuka kwa sababu ya vipigo vyake. Ya tatu sasa ilikuwa imefika mahali pa juu, imekaa vizuri, na Adolphine alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba mayai juu ya kichwa kwenye utelezi. Alikuwa na neno moja tu: mtoto huyu atamzalia Katana, kwa baba yake, penye hospitali ya mapadri. Xavier alikataa. Mwanamke akirudi kwao na tumbo, watu watauliza amekimbia nini.

Kwetu iko desturi. Mke aliyepigwa hurudi kwa baba yake. Mume humfuata na mtungi wa kasigisi, pombe ile ya ndizi, akaomba msamaha mbele ya wazee. Mke akinyonya mrija wa mtungi ule, amekubali, wanarudi wote. Xavier alikuwa amekwisha kuipita njia ile ya Katana na mtungi kichwani, mara moja kwa kila mimba, na Adolphine alikuwa amenyonya mrija. Ndiyo sababu safari hii Xavier alitaka mke asipate nafasi ya kuondoka. Alichoka kubeba mtungi, maskini.

Basi siku moja alitoka nyumba kubwa akicheka, akaketi kwenye kiti chake mbele ya mlango, akatuita tusikie. Kusema kweli, alipotaka alikuwa mtu wa kupendeza, angeweza kumchekesha mfiwa. Alitueleza kwamba Bwana amepata dawa. Alimwamuru amtoe Kapita, amtie peke yake ndani ya ndoo, kisha ahamishe mawe yote: la kulia liende kushoto, la tundu ligeuzwe, mchanga uchimbuliwe. Halafu, baada ya siku kadhaa, Kapita arudishwe wa mwisho.

"Na mulipomurudisha?" mume wangu akauliza.

"Alisimama mu kona kama mutu mwenye kukosa karatasi," Xavier akasema. "Anatafuta nyumba yake, haiko. Anaangalia wengine, njo wenyewe sasa. Ata mwenye mayai alimupita ku pua, Kapita kimya. Bwana anasema hapigane kwa sababu iko mubaya. Anapigana kwa sababu anajua fasi yake. Mukimupotezea fasi, amekwisha."

Tulicheka wote. Adolphine alikuwa akichambua maharagwe. Hakucheka, ila niliona mkono wake umesimama juu ya ungo.

Haikupita muda, Xavier akashikwa. Jumapili alishuka Kadutu, mtaa wa watu weusi, kunywa, giza likamkuta huko amelewa, saa ambayo mtu mweusi hakutakiwa barabarani bila ruhusa. Polisi wakampeleka gerezani, akapewa wiki mbili za kufagia barabara na suruali fupi. Bwana alikasirika kwa ajili ya samaki. Adolphine alikuja mlangoni kwangu asubuhi iliyofuata, macho makavu.

"Maman Eulalie," akasema, "nisaidie tuhamishe mawe."

Sikumwelewa hata nilipoingia kwake. Tayari alikuwa amevuta kitanda katikati ya chumba. Nilimwambia mwenye tumbo kama lile asivute kitu, nikavuta mimi. Kitanda kilitoka ukuta wa dirisha, penye nafasi ya Xavier ya kulala akitazama mlango, tukakiweka nyuma ya pazia. Mkeka wake tukautandika karibu na kizingiti. Mafiga tukayatoa nje upande wa kulia, tukayaweka kushoto, kwangu, ili anapopika awe chini ya macho yangu. Fimbo ya Xavier iliyokaa juu ya mlango sikujua pa kuiweka, nikaichoma pamoja na makaa ya pasi. Iliwaka vizuri.

Hata hivyo mawe bila wenyeji ni mawe tu. Adolphine alituma neno Katana kwa dereva wa kamyo ya mboga, mzee mmoja aliyeitwa Jean-Baptiste, na kamyo iliporudi ilimshusha shangazi yake, Rosalie, dada wa baba, na kifurushi cha tumbaku ya kunusa. Mtu asiye wa kwetu hataelewa tulifanya nini hapo. Mkwe hakohoi mbele ya shangazi wa mke wake. Hapandishi sauti, hapiti nyuma ya mgongo wake, hali chakula akitazamwa naye. Na kiti cha mwenye nyumba, hakuna anayekikalia. Shangazi Rosalie alikiangalia kile kiti cha Xavier, akakipangusa kwa mkono, akakikalia. Alikuwa mwanamke mnene. Kiti kililia, naye akakaa.

Xavier aliporudi kutoka gerezani amenyolewa kipara, alisimama mlangoni muda mrefu. Nilikuwa nje nikikunja mashuka. Alitazama mahali pa kitanda, akatazama juu ya mlango, akatazama kiti chake na aliyekuwa juu yake. Akapiga goti, akasalimu. Shangazi akaitikia akanusa tumbaku, akamwonyesha mkeka kwa kidevu.

Siku zile zilikuwa tamu, sitasema uongo. Xavier aliuliza maji yako wapi ndani ya nyumba yake. Alikula ameupa ukuta uso. Usiku alilala penye kizingiti kama mbwa mwenye adabu, na mimi na Adolphine tulicheka mpaka yeye akashika tumbo akaniomba ninyamaze, nisimzalishe kabla ya wakati. Shangazi alikuwa amepanga wakae hivyo mpaka mwezi wa Adolphine ufike, kisha aondoke naye kwenda Katana mchana mweupe, na Xavier hatakuwa na kinywa cha kukataa.

Asubuhi moja nilikuwa saluni nikipiga pasi. Nikainua macho kwenye sanduku la kioo. Yule jike wa kahawia alikuwa akielea juu, ubavu umefunguliwa, macho hayapo. Wengine wote walikuwa wamesongamana kwenye kona moja, juu kabisa, vinywa vyao kwenye hewa. Na Kapita alikuwa akipita chini, jiwe hadi jiwe, polepole, kama mtu anayekagua kahawa yake. Alikuwa amekwisha kuyajua mawe mapya. Na sasa hakuwa na mawili tu, alikuwa nayo yote.

Niliacha pasi, nikakimbia buyeri kumwambia Adolphine. Aliweka mkono juu ya tumbo, akasema, "Basi siku zangu ziko chache." Shangazi alisema twende leo, si kesho, akaanza kufunga vitu.

Hatukumaliza kufunga. Xavier alikuwa mlangoni. Alikuwa ametoka kumzika jike yule chini ya mti wa waridi wa Madamu, udongo bado mikononi, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. Alipiga goti vizuri mbele ya shangazi, macho chini, sauti ya chini, heshima yote mahali pake.

"Shangazi," akasema, "mawe ya Bwana, ni miye nilihamisha, kwa mikono yangu. Mulizani sitatambua mawe ya kwangu?"

Kisha akainuka, akaenda zake nyumba kubwa.

Hakumgusa shangazi, la. Alimwambia Madamu kwamba mwanamke mgeni asiye na ruhusa amelala buyeri, naye anakohoa damu. Shangazi alikuwa akipiga chafya za tumbaku tu, lakini Madamu alikuwa na watoto, na neno kikohozi lilimfanya afunge madirisha. Alikuja mwenyewe hadi kwenye ua, kitambaa puani, akasimama mbali, akasema mwanamke huyo aondoke sasa hivi. Shangazi Rosalie alitaka kueleza. Alipiga chafya katikati ya maneno. Basi.

Adolphine alishika kifurushi amfuate. Xavier alisimama kati ya mlango na jua, akasema kwa upole kwamba mke wake hana safari. Shangazi alitembea mpaka barabarani akigeuka nyuma.

Saa ya mapumziko ya mchana, wazungu wamelala, tulimsikia kupitia ukuta. Kwanza alirudisha kitanda. Tulisikia miguu ya kitanda ikiburura sakafuni, polepole, mpaka ukuta wa dirisha. Akarudisha kiti. Akatoka nje, akabeba mafiga moja moja, akayaweka upande wa kulia, akapanga na majivu. Hakuwa na haraka. Kila kitu kilipokuwa mahali pake, akafunga mlango, na ndipo alipoanza.

Kwetu mtu haingii kati ya mume na mke. Mume wangu Philémon ni mtu wa sala, mtu wa sufuria, sijawahi kumwona amempiga hata kuku bila kumwomba radhi. Alichukua mchi wa kinu akapiga ule mlango mpaka bawaba zikalegea, akiita jina la Xavier. Aliyejibu alikuwa Bwana, kutoka barza ya juu, nguo ya kulalia kifuani wazi, akauliza ni kelele gani. Philémon alisema, Bwana, watu wanauana. Bwana akasema yeye anamtafuta Xavier. Kioo kimefika.

Kioo hicho kilikuwa kipande kikubwa kilichokatwa kwa fundi mjini, cha kugawa sanduku la samaki katikati, Kapita huku, wengine kule. Bwana alikuwa ameona kwamba dawa ya mawe haidumu, na kwamba mpigaji hafundishwi kwa kuhamishiwa nyumba, huwekewa ukuta. Mtu wa akili, Bwana. Kwa samaki alifikia neno hilo katika mwezi mmoja.

Xavier alitoka akifunga vifungo vya shati. Alipitia mbele yetu, akasema pardon, akaenda. Nilitazama kutoka dirishani, pale ninapopigia pasi. Walikitia kile kioo majini, Xavier akakishika kwa mikono miwili, maji mpaka kwapani, wakati Bwana akipaka gundi nyeusi kwenye kingo. Bwana akamwambia asitikisike mpaka ishike, kikisogea kitavunja sanduku zima. Kapita alikuwa akimgonga vidole kwa pua, naye hakuondoa mkono. Nasema ni kazi ambayo aliipenda.

Philémon alibaki saluni akisifu kioo, akiuliza hiki na kile juu ya gundi, yeye ambaye hakuwahi kuuliza juu ya kitu kisichopikwa. Nami nilirudi buyeri. Adolphine alikuwa chini, mgongo ukutani, tumbo amelizungushia mikono yote miwili. Uso ndio uliochukua mapigo yote. Jicho moja lilikuwa limefungwa, na mdomo umepasuka, lakini tumbo alikuwa amelificha kama mtu anavyoficha moto kwenye mvua. Maji yalikuwa yameanza kushuka miguuni. Nilimfunga kikwembe changu, tukatoka kwa mlango wa bustani. Jean-Baptiste alikuwa sokoni akipakua kabichi, na kwa huruma ya Mungu, shangazi Rosalie alikuwa bado ameketi juu ya magunia yake akingoja kamyo irudi Katana. Aliponiona nimemshika Adolphine, alishuka mbio. Akatupandisha kwenye kamyo.

Mtoto alizaliwa hospitalini Katana jioni ile, kabla ya mwezi wake, msichana, mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia ya padri. Masista walimzungushia chupa za maji moto. Walisema tusimpe jina bado. Adolphine akampa palepale, Sophie, akamtazama kwa lile jicho lililofunguka, na mtoto akanyonya. Akaishi. Nilikaa nao mpaka ikawa hakika, ndipo nikarudi kwa pasi yangu. Xavier hakuniuliza kitu. Aliniambia tu kwamba Kapita anagonga kile kioo tangu asubuhi hadi jioni, pua imebanduka, wala haachi.

Mtoto alipokuwa amenona kidogo, Xavier aliomba ruhusa kwa Bwana, akatengeneza mtungi. Alitaka watu wa nyumba ya jirani wamsindikize, kama inavyotakiwa, nasi tukaenda.

Baba yake Adolphine, mzee Apollinaire, alitupokea uani. Xavier alipiga goti, akakiri mbele ya wazee yote aliyotenda, hakupunguza hata moja, akalia. Nimesema alikuwa mtu wa kupendeza. Wazee wawili nao walifuta macho. Mzee Apollinaire alitazama chini. Ng'ombe ya mahari ya Xavier, ambayo hurudishwa mke akimwacha mume, ilikuwa imekwisha kutoka zizini kwake, ilikwenda kumwolea mke mwanawe Marcellin, na mke wa Marcellin alikuwa amesimama pale mlangoni na mimba yake mwenyewe.

Shangazi Rosalie ndiye aliyesema. Alisema ng'ombe itapatikana, hata ikiwa ni kuuza shamba la ndizi. Adolphine hatarudi kule. Niliona kifua cha Adolphine kinapanda, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Ni sawa, shangazi," Xavier akasema, bado goti chini. "Mukinirudishia ng'ombe, niko mutu wa haki. Sitamulazimisha mutu. Lakini ule mutoto alizaliwa ng'ombe yangu ikiwa kwenu. Ule ni wa kwangu. Nitangoja tu aachishwe maziwa, nakuja kumubeba."

Wazee walitikisa vichwa, si kwa kukataa. Ndivyo ilivyo, kila mmoja aliijua sheria hiyo tangu tumboni mwa mama yake. Nilifikiri jambo baya, nikalimeza: kama mtoto angekufa siku ile hospitalini, mama yake angekuwa mtu huru leo.

Adolphine aliuliza, "Utamulalisha wapi, miye nisipokuwa?"

Xavier alijibu kwamba nyumba inayo nafasi.

Hakuna aliyemsukuma Adolphine. Mtungi ulikuwa katikati ya ua, mrija umesimama ndani yake. Alimkabidhi shangazi yake mtoto, akaja, akapiga magoti, akashika mrija. Desturi inataka mara moja tu, kugusa kwa midomo, watu wapige makofi. Yeye alinyonya, akanyonya, koo likipanda na kushuka, makofi yakaanza yakakatika, naye bado ananyonya, mpaka mzee Apollinaire akamwambia, "Mwanangu, inatosha."

Akapangusa kinywa. Akamchukua Sophie kutoka kwa shangazi, akamlaza mgongoni, akakaza kikwembe, fundo juu ya fundo, akatangulia njiani bila kumngoja mume wake.